Saba wa Nje ya Lango

Bibi,

Nilisema sijui. Hilo ndilo neno ambalo sijamwambia mtu, si Mama, si Baba, hata Thuraya rafiki yangu, ambaye yeye hunambia mpaka yasiyosemeka.

Ilikuwa siku ya tatu ya matanga yako. Wanawake wameshaondoka, tumebaki wa nyumbani tu, na masinia, na vikombe vya kahawa vimepangana karoni. Ami Suleiman akatoka chumbani kwako kaukumbata mfuko wa msahafu wako kama kabeba mtoto mchanga. Ndani kakuta kile kikaratasi. Akakikunjua polepole, akasoma yale majina saba uliyoyaandika kwa herufi zako za Kiarabu zinazotetemeka, machozi yakamshuka mpaka kwenye ndevu. Kisha akanigeukia mbele ya wote.

"Raya, wewe ndiye uliyekuwa ukikaa naye kila Alkhamisi. Hawa saba ni nani?"

Nikatazama zulia. Nikasema, "Sijui, Ami."

Na nilikuwa najua, Bibi. Nani ajuaye kama mimi? Hakuna.

Naandika nimekaa kitandani kwako, Darsait hapa Muscat, mchana, nyumba nzima imelala baada ya chakula. Mama hajayabadilisha mashuka. Chetezo chako kipo pale pale dirishani, majivu ya udi wa mwisho uliouchoma mwenyewe yamo ndani, hakuna anayethubutu kuyamwaga. Asumini wa roshani amekauka upande mmoja. Namwagia maji kila siku lakini nadhani ananitambua kuwa si wewe. Simu yako bado inaingia sauti za ndugu wa Unguja ambao khabari haijawafika, wanakuuliza kama magoti yamepoa. Baba haingii humu. Husimama mlangoni, akashika mwimo, akasema, "Haya," peke yake, akarudi.

Unisamehe uandishi. Mimi nimesomeshwa Kiarabu na Kiingereza. Kiswahili sikupewa na shule yoyote, nimekipata kwako, kwa sikio. Ningeliweza kuandika kwa lugha zile mbili, zingetoka zimenyooka, lakini wewe hukuzungumza nami kwazo hata siku moja ila ukinifokea mbele ya wageni.

Subiri, kuna mtu anapita.

Alikuwa Mama, kaja kuchukua pasi. Nimeisukuma karatasi chini ya mswala wako. Kaniuliza nafanya nini peke yangu, nimesema nasoma. Uwongo mwengine. Sasa nimeufunga mlango kwa ufunguo.

Wacha nikwambie kilichofuata pale sebuleni.

Ami alikaa akafikiri, kisha akajipiga goti kwa kiganja, paa! "Wallahi nimefahamu! Miaka yote nnajiuliza Babu Khalfan alisimama na nani pale langoni. Kumbe na wanawe! Hawa ni wanawe saba, wamekufa pamoja siku ile. Na Mama maskini akiwasomea Fatiha kimyakimya bila ya kutwambia." Baba akasema, "Subhanallah." Shangazi Zuwena akaanza kulia upya. Mimi nikaokota kikombe kilichokuwa hakijaanguka.

Ndipo Ami akanambia, "Wewe mwepesi wa kompyuta, Kiarabu unacho, Kiingereza unacho. Waingize kwenye shajara." Unaijua shajara yake, ule mti wa ukoo anaouhangaikia tangu mimi sijazaliwa, hautimii kwa sababu kila safari mtu anakumbuka shangazi aliyesahauliwa. Sasa umetimia. Na mkono ulioutimiza ni huu. Niliandika Feruzi, nikaandika bin Khalfan. Mabruki bin Khalfan. Almasi bin Khalfan. Uledi, Songoro, Baraka, Sadala, wote bin Khalfan. Kiarabu kulia, Kiingereza kushoto. Mara saba, tena mara saba. Vidole havikunitetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linalonikera zaidi usiku na mchana.

Wewe ndiye uliyenipa majina hayo. Nilikuwa na miaka kumi na nne, umenikalisha chini kati ya magoti yako unanisuka, mafuta ya nazi yananitiririka shingoni. Adhana ya Magharibi imeshapita. Nilikuuliza kwa nini kila Alkhamisi, ukishawataja marehemu wetu wote kwa baba zao na babu zao kwa sauti, mwisho wake unashusha sauti, midomo inacheza tu. Ulinivuta nywele. "Masikio yako marefu we Raya, mdomo ndio mfupi." Kisha ukamaliza msuko mzima, ndio ukasema.

Ulisema ulipokuwa mtoto shambani, kabla ya kuolewa na binamu yako, yaani Babu, palikuwa na kizee nyumbani kwenu anaitwa Bi Faida. Alikuwa haoni tena. Alilala jikoni kwenye mkeka, na wewe ndiye uliyekuwa ukimpelekea uji. Yeye ndiye aliyekusomesha majina saba, kila usiku wa kuamkia Ijumaa, akikushika kidole kimoja kwa kila jina mpaka vidole vya mkono wa kwanza viishe, uingie mkono wa pili. La kwanza lilikuwa Feruzi. Feruzi alikuwa baba yake. Hakumuona, alizaliwa baba kesha kufa.

Na alikufaje? Hapo ndipo mkono wako uliposimama kichwani mwangu.

Zama zile za karne ya kumi na tisa ndugu wawili wa nyumba ya kifalme waligombea kiti kule Unguja. Mkubwa kakalia mji, ana askari wa kukodi, Mabulushi, na nyuma yao manowari za Wazungu. Mdogo kaingia mashamba, kajifungia kwenye nyumba kubwa ya mawe pamoja na masheikh waliomfuata. Babu Khalfan wetu alikuwa katika hao masheikh. Hayo sote tunayajua, Ami huyasimulia kila Idi. Na kila Idi humalizia hivi, kifua mbele: "Na jeshi lilipokuja, nani aliyelifunga lango kwa mkono wake? Babu yenu! Sisi watu wa lango!" Na watoto hupiga makofi. Hata mimi nilikuwa nikipiga.

Bi Faida alikwambia mengine. Kwamba sheikh aliyekwenda vitani hakwenda peke yake, kila mmoja alikwenda na watu wake, na watu wake maana yake ni watumwa wake. Kwamba Babu Khalfan aliwatoa saba shambani asubuhi moja. Wanne walikuwa wachumaji wa karafuu. Baraka alikuwa mpishi. Sadala alichunga punda. Songoro alikuwa mzee na macho yake hayakuwa mazuri. Akawapa magobore, ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuyashika. Akawaonesha mara moja namna ya kushindilia baruti, mara moja tu, kwa kuwa baruti yenyewe ilikuwa chache. Akawapanga mbele ya lango, upande wa nje. Akawaambia, "Simameni hapa. Nyuma yenu nipo mimi."

Kisha akaingia ndani, akalifunga lango kwa mkono wake.

Ni kweli, Bibi. Ami hasemi uwongo. Alilifunga kwa mkono wake mwenyewe.

Mama yake Bi Faida alikuwa ndani, kaletwa awapikie wapiganaji, mimba imeshaonekana. Mizinga ilipoanza alisikia wale saba wanagonga. Mwanzo waligonga kwa adabu, ulisema, kama mtu anayebisha hodi kwa watu. Halafu kwa viganja. Halafu kwa vitako vya magobore. Alimsikia Feruzi anamwita jina lake. Akalikimbilia komeo, watu wakamshika mikono na kumziba mdomo, kwa sababu lango likifunguliwa wote watakwisha. Aliwauliza sheikh yuko wapi awape ruhusa. Sheikh hayupo. Sheikh kesha toka mlango wa nyuma, kapanda punda, kapotelea kwenye mikarafuu.

Waligonga mpaka wakaacha.

Ulipofika hapo uliendelea kunisuka. Ulisema, "Kichwa chini." Mimi nilikuwa nalia na wewe unasema kichwa chini.

Sasa sikiliza nikwambie lililonipandisha hasira mpaka nikaishika kalamu.

Lile komeo, unalijua. Ami alilileta kutoka kwenye gofu la ile nyumba alipokwenda kutembea Unguja, kalifunga kwenye taulo ndani ya sanduku la nguo. Liko majlis, sebule yake ya wageni, kule Al Khoudh, ndani ya kijisanduku cha kioo, lina taa yake. Wageni wake wa chuo kikuu huinama wakalitazama. Mie mwenyewe nna picha nna miaka sita, nimesimama kando yake nimevaa nguo za Idi, nimenyanyua kidole gumba. Na kesho, baada ya sala ya Alasiri, tunakusomea hitma ya arubaini pale pale, na hitma ikisha Ami ataifunua shajara juu ya lile komeo. Kila nyumba itapewa nakala yake ndani ya fremu. Itatundikwa kwetu, itatundikwa kwa shangazi zangu, watoto ambao hawajazaliwa wataisoma, waseme: hawa saba ni babu zetu, walikufa wakisimama na baba yao langoni.

Jana Baba alinipeleka Hamriya kwenye duka la kuchapisha, niikague nakala ya mwanzo kabla ya kupelekwa ile ya mwisho. Alibaki garini, hapana pa kuegesha. Pale kaunta yupo dada mmoja wa Kenya, Mercy, mchangamfu. Alifurahi mno kusikia najua Kiswahili. Akaitandika karatasi juu ya meza, akapitisha kidole, akafika kwa wale saba, akasoma kile Kiingereza nilichokiandika mimi chini yao, kwamba walikufa siku moja. Akashika mdomo.

"Woi! Huyu mzee alizika watoto saba siku moja? Saba! Hata Ayubu angeshangaa. Pole sana, dadangu. Hiyo familia yenu imepitia mambo. Jumapili nitawataja kanisani, ni sawa?"

Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Ahsante."

Nimepokea pole, Bibi. Nimesimama kwenye duka la watu Hamriya nimepokea pole kwa niaba ya yule mtu, kwa ajili ya watu aliowafungia nje. Mercy kanishika bega kwa huruma ya kweli kabisa, huruma iliyokuwa ya yule mwanamke aliyezibwa mdomo, mimi nimeitia mkobani nikaenda nayo garini. Baba kaniuliza, "Iko sawa?" Nikasema iko sawa.

Sikulala. Nimekaa nafikiri jambo moja, nalizunguka kama ng'ombe kwenye kisima. Ami angeliwaacha nje ya mti, nisingelikasirika hivi. Wamekaa nje miaka yote hiyo, wamezoea. Lakini kawatia ndani! Kawafungulia lango sasa, wakati hawana haja nalo tena, na mlangoni kawavua baba zao. Feruzi alikuwa na baba. Hatumjui, hakuna aliyemuuliza, na wala Feruzi silo jina alilopewa na mama yake. Ni jina la kito, watu wetu waliwaita watu wao majina ya vito na baraka. Kaondolewa jina la kwanza, kaondolewa kwao, kaondolewa uhai, kilichobaki ni kwamba yeye hakuwa mtoto wa Khalfan. Na hicho nimekiondoa mimi, kwa kompyuta.

Halafu Bi Faida. Hili natamani nimwambie Ami usoni. Feruzi akiwa mwana wa Babu Khalfan, basi Bi Faida ni mjukuu wake wa damu. Mbona alikuwa akilala jikoni kwenye mkeka?

Shuleni tunasoma taarikh kwa Kiingereza. Mwezi huu tunasoma vita vya Marekani vya wenyewe kwa wenyewe, karne ile ile. Kitabu kimejaa majenerali na mizinga, ramani zina mishale mikubwa ya buluu na nyekundu. Mwalimu, mwanamke mpole, hupenda kutoka nje ya kitabu. Alitwambia kwamba mishale haipigani, watu ndio hupigana, tuulize kila mshale umebeba nani. Akatwambia kule walikuwamo waliokuwa watumwa, wakaingia jeshini, wakavishwa sare, majina yao yakaandikwa kwenye vitabu vya jeshi na mengine mpaka leo yanasomeka. Hawakutendewa sawa na wenzao, alisema, lakini waliandikwa. Akauliza, "Na huku kwetu na pwani ya Afrika? Kuna ajuaye jeshi lilikuwa nani?"

Bibi, mkono wangu ulinyanyuka mpaka sikioni. Nilikuwa nalo jibu kamili. Jeshi la babu yangu lilikuwa wachumaji wanne wa karafuu, mpishi, mchunga punda na mzee asiyeona vizuri. Nikajifanya najikuna. Msichana mwengine akajibu kuhusu manowari, akasifiwa.

Ndivyo nilivyo, na wewe ulijua ndivyo nilivyo! Hapa ndipo nna hasira nawe, na nisipokwambia wewe nitamwambia nani. Miaka sabini umeyasema majina yale kwa mdomo usio na sauti. Ami alikuwepo, mwenye sauti ya kufika ng'ambo ya bonde la wadi. Baba alikuwepo. Ulikuwa na wana, una wakwe, una shangazi zangu ambao hawanyamazi hata wakitafuna. Na wewe ukamchagua nani? Mimi! Mtoto ambaye akipigiwa simu anampa mama yake apokee. Nilikuuliza kwa nini usimwambie Ami, ukasema, "Wafu hawataki ugomvi, mwanangu, wanataka dua." Nikakuamini. Leo sikuamini. Dua zako wamezipata, inshallah, lakini tazama kimya chako kimezaa nini. Mwanao kakuta majina hayana baba, hana wa kumuuliza, akawapa baba aliyemjua. Ungelimwambia mara moja tu! Ungelikasirikiwa Idi moja, mbili, yakesha.

Ulinichagua kwa kuwa mimi ni msiri? Au ulinichagua kwa sababu ulijua sitasema, ukapata kuwa umesema na hukusema? Nijibu hilo. Huwezi. Nimekasirika hata kwa kuwa huwezi.

Nimeweka kalamu nikaenda kumwagia asumini maji. Nimerudi, nimejifungia tena.

Nisimdhulumu Ami. Ulinisimulia mlivyofika hapa Muscat na masanduku mawili, yeye yuko darasa la tano, na watoto wenzake wakimwita Zanjabari, wakimuiga Kiarabu chake kilichovunjika, wakimuuliza babu yake alikuwa Mwarabu au alinunuliwa na Waarabu. Alirudi nyumbani akakuuliza, "Mama, sisi nani?" Nawe ukampa Babu Khalfan na lango. Ulimpa ili aweze kurudi shuleni kesho yake, nafahamu. Alikuwa mtoto. Lakini alipokuwa mtu mzima hukumpa iliyobaki, na yeye kajenga nyumba nzima juu ya ile nusu. Alilia kweli alipokiona kikaratasi. Machozi yale hayakuwa ya uwongo. Alidhani ulimwachia zawadi.

Kwa hiyo namuogopa kwa sababu mbili. Naogopa atanifokea. Na naogopa zaidi hatanifokea, atanitazama tu, mtoto wa darasa la tano na masanduku mawili.

Sasa nakwambia nilichofanya leo asubuhi. Nimetengeneza shajara ya pili. Nimewatoa wale saba kwa Babu Khalfan, nimewaweka peke yao chini, hawajashikamana na tawi lolote, majina yao kama ulivyoyaandika. Chini yao nimeandika, kwa Kiarabu na Kiingereza, na nimeongeza Kiswahili kwa kuwa hicho ndicho walichogongea: Hawa walisimama nje ya lango, likafungwa nyuma yao. Feruzi alikuwa baba wa Bi Faida. Baba zao wenyewe hatuwajui, hatukuuliza.

Nimeitia kwenye flashi. Ami mwenyewe kasema atapita leo baada ya usingizi wa mchana kuichukua, aipeleke Hamriya kwa mkono wake, na hatoitazama, ananiamini. Kasema hivyo hivyo: "Nakuamini wewe, Raya." Nikafurahi! Nikasema basi, nampa, anaipeleka, Mercy anaichapisha, kesho pazia linafunuliwa mbele ya watu na mimi nipo nyuma kabisa, jikoni na wanawake, nakatakata halua. Yameshasemwa na mimi sikufungua mdomo.

Nilikuwa nimeridhika kabisa na hila hiyo mpaka nilipoanza kukuandikia. Ndio nikaiona. Huko pia ni kutoka mlango wa nyuma. Namweka Ami mbele ya watu wote na karatasi asiyoijua, namwambia simama hapo, nyuma yako nipo mimi, kisha napotelea jikoni. Damu ya Babu Khalfan ninayo, bila ya shaka. Shajara haihitajiki kulithibitisha hilo.

Kwa hiyo nimeamua. Nimeiweka flashi juu ya meza, na kikaratasi chako kando yake, na barua hii juu. Ami akija nitampa vyote vitatu aanze na hii. Akiudhika, audhike hapa, kwako, pasipo wageni. Akisema haichapishwi, haichapishwi, shajara ni yake. Lakini kesho hitma ikifika kwenye kuwataja marehemu, wakishatajwa wa kwetu wote na wewe ukiwa wa mwisho, mimi nitawataja saba. Si kwa midomo. Nimejaribu sasa hivi mbele ya kioo chako, sauti imekatika kwa Almasi. Nimerudia, imefika mpaka Songoro. Kesho itafika kwa Sadala, na itasikika majlis kwa wanaume, na lile komeo lisikie ndani ya kioo chake.

Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako. Na nyengine: kila Alkhamisi, ikishapita Magharibi, nitakutaja wewe kwa baba yako na babu zako, kisha Bi Faida binti Feruzi, kisha wao. Nikipata mtoto nitamshika vidole kama ulivyoshikwa wewe, na nitamwambia hadithi yote siku moja, wala sitamwambia kichwa chini.

Kaburi lako limewekewa mawe yake, Baba kaenda mwenyewe. Allah akupanulie, akupe nuru, akusamehe kile kimya, nami anisamehe changu. Bado nimekasirika, Bibi. Nakupenda na nimekasirika, na nimechoka kuvitenganisha. Lala, bibi yangu. Magoti yameshapoa.

Kuna mtu anapanda ngazi. Ni yeye, namjua, lifti imeharibika tangu juzi na Ami hukohoa kila akifika kwenye pumziko la ngazi. Mama kamfungulia mlango wa nje. Anamuuliza, "Raya yuko wapi?" Mama anamwambia yuko kwa Bibi.

Mkono wangu umekwenda wenyewe kwenye mswala, kwa mazoea. Nimeurudisha. Karatasi ipo juu ya meza, wazi, na wino haujakauka.

Khatua zake zimefika. Kajaribu kitasa, kakuta nimejifungia.

Anagonga. Kwa adabu, kwanza, kama mtu anayebisha hodi kwa watu.

Nakwenda kufungua.